UZI: Kabla ya kumwandikisha mtoto mwenye usonji kituoni, soma kwanza ukurasa wa kumwondoa

mama_wa_mkimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya mzazi ambaye wiki hii atakaa mbele ya meza ya kituo cha watoto wenye usonji, atasogezewa fomu na kalamu, ataambiwa "saini hapa, na hapa," na kwa jinsi alivyohangaika kupata nafasi, atasaini bila kusoma. Mimi nilisaini hivyo hivyo.

Mwanangu ana miaka 8. Haongei. Anatumia kadi za picha, na asipoiona kadi anayoitaka atakushika mkono akupeleke. Tulikaa kwenye orodha ya kusubiri miezi 11. Siku waliponipigia kwamba nafasi imepatikana nilishindwa hata kushukuru, nikawa nalia tu simu ikiwa sikioni.

Kila jioni daftari la mawasiliano lilirudi ndani ya begi lake. Wiki 9 mfululizo liliandikwa "Siku njema." Mwandiko ule ule, wino ule ule. Wiki ya 10, namvua fulana nimwogeshe, nikaona alama nne juu ya kiwiko cha kulia, na ya tano upande wa ndani. Niliweka vidole vyangu juu yake, vikaingia sawasawa. Nikaenda kufungua daftari. "Siku njema."

Asubuhi nilikwenda. Sikwenda kugombana. Niliuliza nani alimshika, na kwa nini sikuambiwa. Nikajibiwa kwamba alichafukwa, akawa anajipiga shavu, msaidizi akamzuia asijiumize. Sikubisha, maana najua anavyojipiga. Nikaomba taarifa ya tukio: haikuandikwa. Nikaomba sera yao ya kumzuia mtoto kwa mikono: hawana, kila mfanyakazi anatumia busara yake.

Wiki 2 baadaye, siku ya Ijumaa, nikakuta karatasi imekunjwa ndani ya daftari. Kuanzia Jumatatu kituo hakitaweza kuendelea na mtoto. Nikatafuta nakala ya fomu niliyosaini. Ukurasa wa mwisho, mstari wa tatu kutoka chini: "Kituo kina haki ya kusitisha huduma wakati wowote endapo mahitaji ya mteja yatazidi uwezo wa kituo." Saini yangu iko chini yake.

Jumatatu alivaa begi mwenyewe akasimama mlangoni. Ana kadi yenye picha ya gari la kituo. Akanipa. Nikaipokea, nikakaa chini naye. Akaichukua mkononi mwangu akanipa tena. Tulifanya hivyo karibu saa nzima. Sikuwa na kadi ya kumwambia kwamba gari halitakuja.

Mwezi uliofuata daktari wa meno alikuta meno 2 ya nyuma yameoza, upande ule ule wa shavu alilokuwa anajipiga.

Tangu hapo nimeomba na kusoma sera za vituo 7. Vingine vina kijitabu kizima, vingine karatasi moja, viwili vilinishangaa tu. Sasa huwa naanza kusoma kutoka nyuma, kwenye kifungu cha kumwondoa mtoto. Siku njema kila kituo kinaijua. Mimi nataka kujua watafanya nini siku mwanangu anapovunja kioo, anapomng'ata mtu, anapokataa kushuka garini kwa saa 2.

Kwenye kifungu hicho natafuta mambo haya. Taarifa itatolewa kwa maandishi siku ngapi kabla? Iwe namba, maana "taarifa ya kutosha" haimbani mtu. Nani anaamua, mtu mmoja au kikao, na mzazi yumo? Kabla ya kufikia uamuzi huo ni hatua zipi lazima ziwe zimefanyika? Hapa nakaa sana. Nataka iandikwe kwamba tabia ikibadilika ghafla, kitu cha kwanza ni kutafuta chanzo: jino, sikio, tumbo lililofunga, usingizi, msaidizi aliyezoeleka kuondoka, ratiba kupinduliwa. Mtoto asiyeongea hana njia nyingi za kukwambia kwamba anaumwa. Mwanangu alisema kwa wiki nzima kwa kiganja chake mwenyewe, ikachukuliwa kuwa ni tabia. Na mwisho, akiondoka, faili lake linamfuata? Tathmini zake, kadi zake, maelezo ya kinachomtuliza? Sisi tulitoka na begi tupu. Kituo kipya kilianza naye moja.

Cha pili ni taarifa ya tukio. Iandikwe siku ile ile, mzazi apewe nakala siku ile ile. Ieleze kilichotangulia (kelele? aliambiwa "subiri" bila kuonyeshwa anasubiri nini?), ilichukua dakika ngapi, alishikwa wapi na nani, baada ya hapo nani alimkagua. Na iandikwe wazi kwamba mtoto halazwi kifudifudi na kukandamizwa mgongoni, kwa hali yoyote. Uzito juu ya mgongo wa mtu aliyelala kifudifudi unaweza kumzuia kupumua. Watu wamekufa hivyo, watoto na wakubwa. Kifungu hiki kisipokuwepo mimi sisaini, hata kama ukuta umechorwa vipepeo vizuri namna gani.

Mengine nitayataja wengine wakichangia. Karibuni.

mwl_picha

Mama, pole sana. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimekaa vituoni muda mrefu kidogo. Nataka kusema jambo kutoka upande wa pili wa mlango, na si kwa kupinga ulichoandika.

Hiyo "busara ya mfanyakazi" inamuumiza na mfanyakazi pia. Nilipoanza kazi niliachiwa chumba chenye watoto 6 peke yangu siku msaidizi alipougua. Mmoja alianza kujigonga kichwa ukutani. Sikuwa nimefundishwa chochote, hakuna karatasi iliyoniambia nimwite nani, na wale 5 niwaache na nani. Niliweka mkono wangu kati ya kichwa chake na ukuta, nikakaa hivyo mpaka akachoka. Mkono ulivimba. Sikuandika popote, kwa sababu kwa mazoea ya pale kuandika kulikuwa sawa na kukiri kwamba umeshindwa kazi. Naamini msaidizi aliyeandika "Siku njema" alikuwa kwenye hofu kama yangu. Kwa hiyo mzazi ukiomba sera, uliza na hili: mtu mzima mmoja anakuwa na watoto wangapi, na asipokuja kazini inakuwaje? Kituo kisichokuwa na jibu la swali hilo hakiwezi kutekeleza sera nyingine yoyote.

Lingine ni kadi. Ule utaratibu wa mtoto kumkabidhi mtu kadi ili apate anachotaka, ambao vituo vingi vinautumia, ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Hatua yake ya kwanza kabisa ni mtoto kuchukua picha na kuiweka mkononi mwa mtu mwingine. Ndicho alichokuwa anakifanya mwanao pale mlangoni, mama, tena kwa usahihi kabisa. Nimeona vituo ambako mtoto akikorofisha, kijitabu chake cha kadi kinawekwa juu ya kabati "mpaka atulie." Kumnyang'anya kadi ni kumziba mdomo. Tafuteni kwenye sera sentensi inayosema kadi au kifaa cha mawasiliano hakiondolewi kamwe kama adhabu, na kinakwenda na mtoto kila mahali: chooni, uwanjani, garini, nyumbani.

baba_wa_wawili

Dada, nimesoma nikiwa na fomu mezani, kweli kabisa. Binti yangu ana miaka 4, tumepata majibu ya tathmini hivi karibuni, na kituo kimetupa nafasi. Nina maswali mawili ya mtu mgeni.

Kwanza, nikianza kudai sera si wataniona mkorofi wampe mwingine nafasi? Watu kwenye orodha ni wengi.

Pili, wameniambia bila saa 40 kwa wiki mtoto hatabadilika, na kwamba sayansi imeshathibitisha. Kwenye sera yao ukichukua pungufu ya hapo unaandikwa kwamba umekataa ushauri wa kitaalamu. Hili limeniogopesha.

mama_wa_mkimya

Kaka, karibu, na hongera kwa kusoma fomu kabla ya kusaini.

La kwanza nitakujibu kwa jinsi ninavyofanya mimi. Sisemi "nadai." Nasema: "Naomba nakala ya sera zenu nikazisome nyumbani na mwenzangu, tutarudi kesho kutwa na maswali." Sauti ya kawaida, kama unavyoomba risiti. Katika vile 7, hakuna kilichoniondoa kwenye orodha kwa sababu hiyo. Viwili vilivyonishangaa ni mimi niliyeviacha. Najua ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mahali pengine pa kwenda, na wengi hawana. Kama ni kituo pekee unachokifikia, bado omba. Usipopewa, andika mwenyewe maswali 5, waombe wakujibu kwa maandishi hata kwa ujumbe wa simu. Baadaye ujumbe huo utakusaidia.

La saa 40 namwachia mwalimu.

mwl_picha

Baba, namba 40 ina historia. Inatoka kwenye utafiti wa Ole Ivar Lovaas uliochapishwa mwaka 1987. Watoto 19 wadogo walifundishwa kwa mtu mmoja na mtoto mmoja, saa 40 kwa wiki au zaidi, kwa miaka 2 na kuendelea, na yeye akaripoti kwamba 9 kati yao walifikia kusoma darasa la kawaida. Ndiyo habari inayorudiwa kwa wazazi. Kinachoachwa ni kwamba watoto wale hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na kwamba njia zilizotumika enzi hizo zilikuwa pamoja na kukemea kwa sauti kali na mara nyingine kofi la paja. Leo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeruhusu hilo.

Kwa hiyo saa zinatokana na mtoto. Binti wa miaka 4 anahitaji pia kulala mchana na kucheza bila mtu kumhesabia majibu. Waulize: hizo 40 zimetoka kwenye tathmini yake, au kila mtoto anayeingia anapewa 40? Halafu waulize watapima nini. Mpango wa mtoto ukisema "ataboreka katika mawasiliano," huo hauna maana. Ukisema "atatoa kadi ya choo bila kukumbushwa mara 4 kati ya 5, kwa wiki 2 mfululizo," hapo una kitu cha kushika. Sera iseme mpango unapitiwa upya kila baada ya miezi mingapi, na mzazi anakaa mezani wakati huo. Asiitwe kuja kusaini kilichokwisha kuamuliwa.

sauti_ya_ndani

Mimi ni mtu mzima, nina usonji. Niligundulika nikiwa mdogo, nikapitia kituo. Naomba na mimi niseme.

Mnazungumzia sera za mzazi na kituo. Mtoto yuko wapi? Kwenye fomu ninyi mnaitwa wateja. Aliyekuwa anakaa mle ndani saa 6 kwa siku ni mimi.

Nilikuwa nikishikwa kidevu nitazame macho ya mwalimu. Kidole gumba upande mmoja, cha shahada upande mwingine. Nikitazama napewa zawadi. Hadi leo mtu akinyoosha mkono karibu na uso wangu narudi nyuma. Hakuna aliyenipiga, na hakuna sera iliyovunjwa, maana "kutazamana macho" lilikuwa lengo kwenye mpango wangu na wazazi walikuwa wamelisaini kwa nia njema. Nikimtazama mtu machoni simsikii vizuri anachosema. Nikitazama dirishani namsikia neno kwa neno. Nilikuja kuweza kueleza hivyo nikiwa mkubwa.

Kwa hiyo mzazi, soma malengo yenyewe. Kupepea mikono, kujitikisa, kurudiarudia sauti: kama hayamuumizi yeye wala mwingine, kwa nini yaondolewe? Mimi nilipokatazwa kupepea mikono nilianza kujichuna ngozi ya vidole, na hilo halikuandikwa popote kwa sababu halikuonekana.

Tafuta pia kama sera inatambua mtoto akikataa. Kusukuma kadi, kugeuza uso, kujificha chini ya meza ni kusema "sitaki." Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 7, unasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake, na asaidiwe kuyatoa. Maneno ya mdomo siyo sharti.

Na picha! Kuna video za watoto wakiwa kwenye hali yao mbaya kabisa, wanalia, wamevuliwa nguo, zinarushwa mtandaoni ili watu wachangie. Mtoto huyo atakuwa mkubwa. Ibara ya 22 ya mkataba huo huo inalinda faragha yetu.

mama_wa_mkimya

Ndugu yangu, asante. Nimeisoma ya kidevu mara 3. Mwanangu aliwekewa lengo hilo hilo, na mimi nilifurahi siku walipoandika "ametazama kwa sekunde 5." Nimefungua mpango wake wa sasa usiku huu, bado limo namba 6. Wiki ijayo nakwenda kuliondoa.

Kuhusu picha, nilichofanya ni kukata kifungu kile kwa kalamu kabla ya kusaini, nikaandika pembeni "kwa kumbukumbu za matibabu tu, si kwa matangazo," tukasaini wote wawili pale pale. Wengi hawajui kwamba fomu inaweza kurekebishwa. Na ridhaa ya picha iwe karatasi yake peke yake, isifungwe pamoja na ridhaa ya huduma, ili ukikataa moja usiwe umekataa zote.

msimamizi_wa_zamu

Habari zenu. Nasimamia kituo. Nimefikiria siku 2 kama nijibu, kwa sababu kifungu kile cha "wakati wowote endapo mahitaji yatazidi uwezo" na sisi tunacho, karibu neno kwa neno. Tulikinakili kutoka kwenye mkataba wa kituo kingine wakati tunaanza, na hatujawahi kukaa tukakijadili.

Nitasema ukweli kwa nini vituo vinakipenda. Kuna siku unakuwa na mtoto wa kilo 70 mwenye nguvu, na wasaidizi 2 ambao kila mmoja amejeruhiwa mwezi huo. Nisipokuwa na njia ya kusema "hatuwezi," nitampoteza mfanyakazi, au atamuumiza mtoto kwa kujilinda. Kwa hiyo siwezi kuahidi kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa. Ila kumwondoa Ijumaa kwa Jumatatu, kwa karatasi ndani ya daftari, hapana. Hilo siwezi kulitetea.

Sasa na mimi niwaombe wazazi, maana sera ina pande mbili. Msitufiche kifafa. Watoto wenye usonji wanakipata zaidi kuliko watoto wengine, na baadhi ya wazazi wanakificha kwenye fomu wakiogopa kunyimwa nafasi. Nimewahi kuona degedege ya kwanza ya mtoto sakafuni kwangu, huku mama yake akiniambia kwa simu "huwa inamtokea." Tungekuwa tunajua, kila mtu chumbani angejua alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, saa itazamwe, na ikipita dakika 5 tuite msaada wa dharura. Na dawa zote zije kwenye chupa yake yenye maelezo ya daktari. Dawa iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi hatumpi mtoto, hata ukikasirika.

Na la kutoroka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta karibu nusu ya familia, asilimia 49, zilisema mtoto wao mwenye usonji alijaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Hatari kubwa ni barabara na maji. Ukija kumchukua mtoto ukaacha lango wazi nyuma yako kwa sababu una haraka, unaacha wazi kwa watoto wa wenzako wote. Tunakataa pia kumkabidhi mtoto kwa mjomba ambaye jina lake halimo kwenye karatasi. Mjomba akigomba, agombe.

Ada ya siku usipomleta: wazazi wanaichukia, naelewa, lakini mtaalamu wa tiba ya usemi alishakuja na saa yake ilikuwa imetengwa. Kinachopaswa ni kuiandika mapema na kutofautisha ugonjwa na kusahau.

mama_wa_mkimya

Msimamizi, nashukuru umejibu, na nakubaliana nawe karibu kote. Langoni umenikamata, nimewahi kuliacha wazi.

Ila naomba tubaki kidogo kwenye "hatuwezi." Nakubali kuna siku kituo hakiwezi. Swali langu ni kabla ya siku hiyo. Kilo 70 hazikuja usiku mmoja. Wasaidizi 2 kujeruhiwa mwezi mmoja ni taarifa 2 za tukio, na baada ya ya kwanza tu palitakiwa kuwa na kikao: mzazi, mwalimu, daktari kama yupo. Ukinishirikisha kwenye taarifa ya kwanza nitakusaidia kutafuta. Ningempeleka mwanangu kwa daktari wa meno wiki ile ile. Hakuna aliyeniambia kwamba anajipiga upande mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyeandika upande.

Kwa hiyo napendekeza kifungu kiwe hivi, mkitaka kukichukua chukueni: kituo kinaweza kusitisha huduma baada ya vikao visivyopungua 2 na mzazi vilivyoandikwa, baada ya mtoto kukaguliwa afya yake, na kwa taarifa ya maandishi ya siku 30, katika siku hizo mtoto anaendelea kuja, hata kama ni kwa saa pungufu, na anaandaliwa kwa picha kwamba anahama. Kukiwa na hatari ya haraka, huduma inaweza kusimama kwa siku chache zilizotajwa huku kikao kikiitwa, na kusimama huko kusigeuke kuwa kufukuzwa kimyakimya.

Hilo la kuandaliwa kwa picha ni la lazima kwangu. Mngemwona pale mlangoni mngeelewa.

jirani_mwema

Samahani nauliza nje kidogo. Shangazi yangu amepewa fomu ya kituo inayosema mtoto "atapona ndani ya miezi 6" na ada ilipwe yote mwanzoni, hairudishwi. Kuna dawa za matone pia. Asaini?

mwl_picha

Asisaini. Usonji si ugonjwa wa kuponywa, ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni. Mtoto anaweza kujifunza mengi na maisha yakawa mepesi sana kwake, lakini anayeahidi kupona kwa tarehe anauza. Na hayo matone ayapeleke kwa daktari wa watoto yakaangaliwe kabla hata tone moja halijaingia mdomoni. Kuna watu wamewapa watoto dawa za kung'arishia nguo kwa jina la tiba ya usonji. Mwambie shangazi leo, usisubiri kesho.

sauti_ya_ndani

Naongezea la malalamiko, maana halijaguswa. Kama sera inasema malalamiko yote yapelekwe kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye unayemlalamikia, hakuna njia hapo. Tafuta jina la cheo kingine, au ofisi ya nje iliyokipa kituo kibali. Na iandikwe kwamba mtoto hatapunguziwa huduma kwa sababu mzazi amelalamika. Mama amesimulia wiki 2 kati ya swali lake na karatasi ya Ijumaa. Sisemi moja lilisababisha jingine. Nasema hakuna kilichokuwa kinazuia.

baba_wa_wawili

Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Nilikwenda jana. Nikaomba kama dada alivyosema, kwa sauti ya kuomba risiti. Dada wa mapokezi akanitolea kurasa 4 kutoka kwenye droo, wala hakushangaa. Nilikuwa sijalala kwa hofu ya bure.

Nimeanza nyuma. Kumwondoa mtoto: siku 14, kwa maandishi, baada ya kikao kimoja. Nimeuliza kama inaweza kuwa 30, wamesema watajadili. Taarifa ya tukio ipo, siku ile ile, wamenionyesha fomu yake tupu. Sehemu ya kuandika kilichotangulia ipo. Sehemu ya kuandika mwili umeguswa wapi haikuwepo. Nikamweleza mratibu habari ya jino, bila kutaja mtu. Alinyamaza kidogo, akachora kwa kalamu umbo la mwili pale pembeni, mbele na nyuma, kama wanavyofanya hospitali, akasema toleo lijalo litakuwa nalo.

Kumlaza kifudifudi hakukutajwa. Nikaomba kiandikwe. Nasubiri. Sijasaini.

Za saa 40: nilipouliza kama zimetoka kwenye tathmini, walikiri ni za kila mtoto. Tumekubaliana 15 kwa kuanzia na kupitia upya baada ya miezi 3, na ule mstari wa "amekataa ushauri" umefutwa. "Kutazamana macho" lilikuwa lengo namba 2. Nimeomba libadilishwe liwe "kuitikia jina lake kwa njia yoyote." Binti yangu akiitwa huacha kuimba kwa sekunde moja, halafu anaendelea. Hiyo ndiyo njia yake.

msimamizi_wa_zamu

Baba, naomba ukipata hiyo fomu yenye umbo la mwili uiweke hapa, uzibe majina. Sisi tuna kikao Alhamisi. Kifungu cha mama nimekichapa kama kilivyo, kipo kwenye ajenda. Siku 30 zitapingwa na mhasibu, nitazitetea.

mama_wa_mkimya

Nitaiweka na ya kwetu pia, tuna sehemu ya "upande gani" sasa.

Na mwalimu, jana nimechapisha kadi uliyonielekeza kwa ujumbe: gari lenye mstari mwekundu juu yake, na pembeni picha ya nyumba yetu. Leo ilikuwa siku ya mapumziko. Alivaa begi kama kawaida. Nilimpa kadi, akaitazama muda mrefu, akavua begi.